Muulize Shangazi: Darasa karibu zima liliandika "njaa"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Niliwaambia wanafunzi waandike wanachokijua kuhusu Ethiopia, na karibu wote wakaandika njaa. Mmoja, ambaye baba yake ni Mwethiopia, alirudisha karatasi tupu. Njaa ilikuwepo kweli. Sasa niwasahihishe nini?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo wa karatasi tupu. Nakuomba usimsimamishe mbele ya wenzake aieleze Ethiopia. Ni nchi ya watu zaidi ya milioni 100, na huenda yeye hajawahi hata kufika. Mwite pembeni, mwambie somo litarudiwa kwa sababu lilipungukiwa, na kwamba yeye hana kosa.

Ama njaa, ilikuwepo. Oktoba 1984 mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, na mwandishi Michael Buerk wa BBC waliionyesha dunia watu waliokuwa wakifa kambini Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Watu waliguswa. Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa ya kuchangisha fedha, London na Philadelphia. Asije mtu akawaambia wanafunzi wako kwamba picha zile zilikuwa uongo.

Tatizo ni yaliyoachwa nje. Watazamaji wengi walibaki na ukame tu vichwani. Vita kati ya serikali ya Mengistu Haile Mariam na waasi wa Tigray na Eritrea, vilivyozuia chakula kuwafikia wenye njaa, havikuwakaa akilini. Wala hawakujua kwamba tume ya misaada ya Ethiopia yenyewe ilikuwa imepiga mbiu mapema mwaka ule, kabla ya kamera hizo kufika. Ukimwondoa aliyepiga mbiu, anayebaki ni mtu wa kusubiri kuokolewa. Dharau huingilia hapo, na hakuna aliyesema uongo.

Nimefanya kazi ya kuchagua picha za gazeti, na nimeona jambo hili likitendeka mezani. Inaletwa picha: mtoto amekonda, na kando yake muuguzi, mwenyeji wa palepale, ameinamia daftari akiandika uzito wake. Mhariri anavuta mstari. Muuguzi anakatwa, mtoto anabaki peke yake ajaze ukurasa. Nilikuwa nikibishana juu ya mistari ile, na mara nyingi nilishindwa. Msomaji wa kesho yake hatajua kamwe kwamba pale palikuwa na mtu kazini. Mlishe mtoto picha za namna hiyo tangu akiwa mdogo, bila nyingine, naye atajiona anaijua nchi nzima kabla hajakutana na mtu wake hata mmoja.

Kwa hiyo neno "njaa" liache ubaoni, uandike mengine kando yake. Waeleze makanisa 11 ya Lalibela yaliyochongwa kwenye mwamba. Waeleze Adwa, ambako jeshi la Menelik wa Pili liliwashinda Waitalia mwaka 1896, na Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akikimbia peku.

Ila usiishie kwa mashujaa, mwanangu. Walimu wengi wenye nia njema hukwama hapo. Nchi ya mashujaa watupu nayo ni ya kubuni, na mwanafunzi hajioni ndani yake. Tafuta hadithi za watoto zilizoandikwa na Waethiopia wenyewe, zenye mambo madogo: ndugu wanagombania kitanda, msichana anachukia hesabu, baba amechelewa kurudi kutoka kazini. Mtoto anayemjua msichana huyo kwa jina lake, na anayejua anachokiogopa, hawezi tena kumwangalia kutoka juu.

Na mtakapofika kwenye nchi nyingine, wasomee kwanza hadithi mbili tatu za huko, ndipo uwaulize wanajua nini.