Ndani ya tone la dimbwi: wadudu, vijidudu au vimelea?

SWALI: Nafundisha sayansi Pongwe, Tanga. Juzi wanafunzi walichota maji ya dimbwi kando ya shamba la mkonge, tukaweka tone moja chini ya hadubini. Mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, wadudu!" Mwingine akasema ni vijidudu, wa tatu akang'ang'ania vimelea. Jina sahihi ni lipi? Tuandike "vinaogelea" au "wanaogelea"? Na dafnia, yule anayerukaruka, tumwite kiroboto wa maji?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwanza kwa kuandika hadubini. Wengi huita darubini vyombo vyote viwili, ilhali darubini ina asili ya Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Ile ni ya kutazamia jahazi likiwa bado upeoni.

Wadudu tuwapitie haraka. Mitaani kila kitambaacho ni mdudu, hata nge na tandu. Darasani mdudu ana miguu sita. Katika maji yenu waliostahili jina hilo ni viluwiluwi wa mbu, ambao miguu huipata wakishapevuka.

Vimelea ni neno la kulindwa, lisitumike ovyo. Limetoka kwenye kumelea, yaani kuota juu ya kingine na kujilisha kwacho. Kinacholeta malaria ni kimelea kwa sababu kinakaa ndani ya mwili wetu na kula humo humo. Paramesiamu, kiumbe wa seli moja aliye kwenye maji ya dimbwi, hammelei mtu. Anajitafutia bakteria majini. Ila dimbwi lenye konokono laweza kuwa na lava wa kichocho, na hao ni vimelea hasa, hupenya ngozi. Tafadhali wanafunzi wasiingie majini, na anayechota avae glavu.

Kwenye vijidudu ndipo penye kazi. Kwa kawaida -ji- huingia shina likiwa na silabi moja: mti huzaa kijiti, mtu huzaa kijitu. Dudu lina silabi mbili, kwa hiyo kidudu kilitosha. Kijidudu ni udogo uliokazwa mara ya pili. Umbo hilo silikatai. Kinachonitia shaka ni maana, kwa kuwa tumelitumia mno katika mafunzo ya kunawa mikono na kuchemsha maji, hata limeshikamana na maradhi. Mwambie mtoto tone hili limejaa vijidudu, atawaza kuhara na kipindupindu. Atampita bila kumtazama paramesiamu, yule mwenye umbo la wayo wa kandambili, urefu wake kama robo ya milimita, anayejisukuma kwa maelfu ya vinyweleo vinavyopiga kwa zamu kama makasia. Atampita amiba anayejimimina upande mmoja, mwili wote ukafuata. Wengi wa hao hawana ugomvi na binadamu.

Mimi nasema vijiumbe. Kiumbe kimetoka kwenye kuumba, hakimhukumu mtu kuwa mbaya wala mwema, na -ji- inatupa udogo tunaoutaka. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, alipotazama maji ya ziwa mwaka 1674 naye alilitwaa neno la lugha yake la mnyama akalitia kiambishi cha udogo: vinyama. Alifanya kama tufanyavyo sisi. Bakteria nao ni vijiumbe, ila ni wadogo mno: paramesiamu mmoja ni mrefu kama mara mia ya wengi wao.

Sasa upatanisho. Kifaru anakunywa, kipepeo anaruka, basi vijiumbe wanaogelea. "Vinaogelea" si kosa, kwani udogo huruhusu ki-vi: hapa pwani twasema "kitoto kile kinalia", kwa huruma au kwa dharau. Kosa ni kuchanganya, "vijiumbe hivi wanaogelea". Ama hivi vinaogelea, ama hawa wanaogelea. Kwa darasa lako ningechagua hawa, ili mtoto ahisi kwamba anachokitazama kina uhai.

Kiroboto wa maji ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya, nami siipendi. Kiroboto ni mdudu. Dafnia ni wa ukoo wa kamba na uduvi. Watoto wa Tanga wanaujua uduvi unaopimwa kwa kopo sokoni, kwa hiyo mwite uduvi wa maji baridi. Kisha waambie wamtazame vizuri: gamba lake linapenya mwanga, na karibu na mgongo moyo unaonekana ukipiga.