Kabla ya bweni jipya, walipe walezi

Nimesimamia makao ya watoto huko Moshi kwa miaka mingi, na ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, nitakwambia iende kwa mama walezi. Wafadhili hupenda majengo kwa sababu jengo linapigwa picha. Mshahara haupigwi picha. Ndiyo maana walezi wanaacha kazi kila mara, na mtoto wa miaka mitatu anabaki akilala na kanga ya aliyeondoka, halafu anaanza kumwita "mama" kila mwanamke anayeingia getini. Wageni hudhani ni uchangamfu. Mimi hushtuka, kwa kuwa mtoto aliyetulia huchagua wa kumkimbilia.

Anza na daftari la zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Sasa mtazame mlezi wako: usiku anabadilisha shuka za aliyekojoa, saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni anakoroga uji, mchana anafua. Anapumzika saa ngapi? Na likizo ataichukuaje kama hakuna wa kumshikia nafasi? Tafuta akina mama wawili wa jirani, walipwe kwa siku, na watoto wawazoee mapema, kabla dharura haijafika.

Unapoajiri, usiishie kwenye cheti. Mwite ashinde siku nzima, wewe ukiwepo, umwone anavyosema na mtoto aliyegoma kula. Waajiri wake wa zamani wapigie simu mwenyewe.

Wageni wa kujitolea wa wiki tatu usiwahesabu kama watumishi. Wapake rangi, walime bustani. Kuogesha na kulaza watoto ni kazi ya walezi.

Na mishahara ikigoma kutosha, usiongeze watoto. Kaa na afisa ustawi wa jamii, fuatilieni nani ana bibi au shangazi anayeweza kumlea akishikwa mkono. Wengi niliowapokea walikuwa na ndugu hai. Kilichokosekana ni unga, sare na nauli ya kliniki. Kumsaidia bibi kwa hayo kulitugharimu kidogo kuliko kumlea mtoto makaoni, na waliobaki walipata mlezi aliyejua nani anaogopa giza na nani hali maharage.