Jibu: Kwa nini wanafunzi wa Haüy walisoma lakini hawakuandika?
Mkuu, umeuliza kwa nini shule ya wasioona ya Valentin Haüy, iliyoanza Paris 1785, ilitoa wasomaji wasioweza kuandikiana. Kasoro ilikuwa kwenye herufi. Haüy alitumia alfabeti ya kawaida: karatasi nzito ililowanishwa, ikagandamizwa juu ya herufi kubwa za chapa, ikakauka na mwinuko upande wa pili. Kidole kilifuata mikunjo ya kila herufi, kwa hiyo kusoma kulikuwa kwa polepole na vitabu vizito mno. Na kuandika? Labda umiliki mtambo wa chapa! Kinyume chake, herufi za nukta zisizozidi sita za Louis Braille, aliyeingia shuleni hapo 1819, zinatoshea chini ya ncha ya kidole, na mtu huzitoboa mwenyewe.

Ila Haüy asibezwe: François Lesueur, mwanafunzi wake wa kwanza, alikuwa ombaomba, na Haüy alimlipa fidia ya sadaka alizozikosa.