Maswali yenu: siku ya bahari Malta, mkiwa na watoto

Likizo za shule Ulaya zikikaribia, wasomaji wetu walioko huko huuliza sana kuhusu Malta, kisiwa kidogo kilicho kusini ya Sicily. Sehemu kubwa ya pwani yake ni miamba na fukwe za mchanga ni za kuhesabu, kwa hiyo ukikosea kuchagua unaharibu siku nzima. Nimechagua maswali saba.

Tuna watoto wa miaka 2, 5 na 9, na siku moja tu ya bahari. Twende wapi? (Mama wa watoto watatu, Leicester)

Nendeni Għadira, ghuba ya Mellieħa, kaskazini ya kisiwa. Ndio ufukwe mrefu wa mchanga kuliko wote Malta, kama mita 800, na maji yake ni mafupi. Mtu mzima hutembea hatua nyingi kwenda ndani na maji bado yakamfika kiunoni tu. Huyo wa miaka 2 atakaa ukingoni na ndoo yake, na wa miaka 9 atapata mahali pa kujifunza kuogelea bila wewe kushika roho mkononi.

Lakini hilo ni jibu la siku ya kawaida. Asubuhi kabla hamjafunga mikoba, mama, angalieni kwanza upepo unavuma kutoka wapi. Upepo unaovuma zaidi Malta hutoka kaskazini-magharibi, na wenyeji huuita majjistral. Huo ukivuma, fukwe za magharibi kama Golden Bay na Għajn Tuffieħa hupigwa na mawimbi, na Għadira, inayotazama mashariki, hubaki na utulivu zaidi. Ukigeuka ukawa grigal, ule wa kaskazini-mashariki, mambo nayo hugeuka: Għadira huchafuka na magharibi hutulia. Grigal si upepo wa mchezo. Wengi wanaamini ndio ule Eurakilo wa Matendo ya Mitume sura ya 27, uliompeleka Paulo hadi jahazi likavunjikia kisiwani humo. Nimeona familia zikishikilia ufukwe fulani kwa sababu ya picha nzuri waliyoiona, kisha wakashinda kutwa wamekaa kwenye taulo, watoto wanalia. Safari ya basi kwenda upande wa pili ingewaokoa.

Mimi ni mzaliwa wa Nungwi. Nimetazama jedwali la kupwa na kujaa la Malta, namba zake ni ndogo mno. Nimesoma vibaya? (Kaka wa Unguja, Oslo)

Umesoma sawasawa. Mediterania imefungwa karibu pande zote, na mlango wake wa Atlantiki huko Gibraltar ni mwembamba, kwa hiyo mawimbi ya kupwa na kujaa ya Atlantiki hayaingii kwa nguvu. Malta tofauti ni kama sentimita 20, wakati kwetu siku za bamvua inakaribia mita 4. Hutasubiri maji yajae ndipo watoto waoge, na hutakuta bahari imekwenda mbali ikaacha mwani na ngalawa zimelala ubavu.

Ila sisi wa pwani tuna hatari moja hapo: tumezoea kuisoma bahari kwa mwezi, na kule mwezi haukuambii kitu. Soma bendera. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu usiogelee, nyekundu mbili bahari imefungwa. Ya zambarau inaonya kuhusu yavuyavu. Zingatia hasa ukivuka kwenda Ramla l-Ħamra, kisiwa cha Gozo. Mchanga wake mwekundu unapendeza mno, lakini ghuba inatazama kaskazini, na upepo wa huko ukivuma mkondo huvuta watu kwenda nje. Ujuzi wa kuogelea Nungwi usikufanye uipuuze bendera nyekundu.

Tunakwenda na bibi, magoti yanamsumbua. Na hatuna gari.

Hapo Għadira inashinda tena, maana barabara inapita kando ya mchanga na kituo cha basi kipo hapo hapo. Għajn Tuffieħa mwacheni bibi asiisikie kabisa. Ngazi zake zinakaribia 200, na kupanda jioni ukiwa umechoka ni adhabu. Kutoka Valletta pandeni basi namba 41 au 42, kutoka uwanja wa ndege X1. Tokeni mapema. Julai na Agosti basi likishajaa hupita kituoni bila kusimama, na bibi hawezi kusimama juani akingoja la tatu. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Santa Marija, kisiwa kizima huwa ufukweni. Kama mnaweza, chagueni siku nyingine.

Je, Mei maji yanaogeka?

Kwa aliyezoea Bahari ya Hindi, hapana. Mei maji huwa nyuzi 19 hivi. Watoto watatetemeka baada ya dakika chache. Agosti hufika 26 au zaidi. Ningechagua Septemba: bahari bado imeshika joto la kiangazi na watu wamepungua.

Tule nini? Hatuli nguruwe.

Nunueni ħobż biż-żejt, mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, ukawekwa samaki jodari na zeituni. Unashibisha. Pastizzi, vitafunwa vya unga wenye matabaka, ulizeni vya jibini au vya njegere, na kama unga haukutiwa mafuta ya nguruwe. Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani, na mwavuli wenu pia. Viti vya kukodi vipo, lakini ufukwe ni wa umma na taulo lenu lina haki ya kulala mchangani.

Mwanangu akiumwa na yavuyavu?

Mtoe majini. Osha kwa maji ya bahari, usitumie maji ya bomba, na usisugue kwa mchanga wala taulo. Nyuzi zilizobaki ziondoe kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Mwite mwokoaji. Akianza kupumua kwa shida au kuvimba uso, piga 112 papo hapo.

Tuondoke ufukweni saa ngapi? Na je, watoto watasikilizana na wenzao? (Baba wa watoto wawili, Rotterdam)

Juni jua huzama saa mbili na dakika ishirini hivi usiku. Ndiyo, usiku kwa hesabu yetu, na mwanga bado upo. Kwa hiyo pumzisheni watoto kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana, jua linapochoma, kisha warudisheni majini. Saa kumi na moja jioni ndio wakati mtamu kuliko yote.

Kuhusu lugha, Kimalta ni lugha ya ukoo wa Kiarabu, na Kiswahili kimekopa mengi huko huko. Bahari ni baħar. Kitabu ni ktieb. Waambie watoto wahesabu makombe kwa sauti, wakifika sita na saba (kwa Kimalta sitta, sebgħa) watageuziwa shingo na watoto wa Kimalta, kisha nane, yaani tmienja, itawapoteza kidogo, na kwenye tisa, yaani disgħa, watakutana tena.