Ukipangiwa kitengo cha viziwi, huruma iache getini

Ajira mpya zikitoka, vitengo vya viziwi vilivyo ndani ya shule za msingi huku Mwanza huletewa walimu. Wengine wamesomea elimu maalumu, wengine wamesukumiwa humo kwa sababu mwalimu mkuu alikosa mtu. Wewe uliyefika juzi, nikuambie mapema kabla hujazoea: kipimo utakachowawekea watoto wale kinaweza kuwarudisha nyuma kuliko masikio yao.

Anza na madaftari. Mtoto wa darasa la tatu atakuonyesha ukurasa mzima wa mwandiko wa kupendeza, nukta na mkato mahali pake, nawe mkono utakuwasha kuweka vema. Futa ubao kwanza. Mwonyeshe sentensi moja kati ya hizo alizoandika, umwombe aieleze kwa lugha ya alama. Mara nyingi atakutazama tu, maana alikuwa anachora maumbo. Kunakili kunampendeza kila mtu: darasa linatulia, mkaguzi anaona kurasa zimejaa, mzazi anafurahi. Mwaka ukiisha hivyo, umeshamkatia tamaa mtoto huku ukiamini unampenda.

Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika shule moja ya msingi huko California. Walimu walitajiwa wanafunzi ambao eti wangechanua mwaka ule. Kumbe majina yaliokotwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa ya chini, waliotajwa walikuwa wamewapita wenzao kwenye kipimo cha akili. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa matokeo hayo, nami sikuombi uyameze yote. Ila kwa mtoto kiziwi orodha huja kinyume. Jirani, shangazi, pengine hata mwalimu aliyekutangulia, wote wameshakunong'oneza kwamba huyu hawezi.

Wengi huletwa wakiwa wakubwa. Mtoto anavuka ziwa na mama yake kutoka Ukerewe au Kome, ana miaka tisa au kumi, na hana lugha zaidi ya ishara za nyumbani: kula, lala, samaki, njoo. Wazazi wengi wa watoto viziwi wanasikia, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumpa lugha ya alama tangu utotoni. Ukimpa jaribio la kusoma wiki ya kwanza akapata sifuri, umepima miaka aliyokaa bila lugha. Mpeleke dukani na noti ya elfu tano, umwachie yeye ahesabu chenji. Hapo ndipo utaanza kumjua.

Mama huyo atakuuliza, "Mwalimu, huyu atasoma kweli, au nimtafutie cherehani?" Mjibu kwa heshima. Fundi mzuri ni fundi mzuri. Ubaya ni kumkabidhi mtoto cherehani kabla hajakabidhiwa kitabu. Msimulie habari za Andrew Foster, Mmarekani kiziwi aliyehitimu Gallaudet, chuo cha viziwi huko Marekani, mwaka 1954. Alikuja Afrika, akafungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, na hadi anafariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani humu.

Sasa darasani. Kiziwi hawezi kunakili na kukutazama kwa wakati mmoja, kwa hiyo usifundishe huku unaandika. Andika, geuka, subiri macho yote yakufikie, ndipo uinue mikono. Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo, uso wako utakuwa giza tupu. Wakae nusu duara ili waonane na wao kwa wao. Kusoma midomo usikutegemee: baba, mama na papa kwenye midomo ni kitu kimoja. Na mwenye mashine ya sikio, mvua ikishuka kwenye bati anasikia bati tu.

Huruma inaharibu zaidi kwenye hesabu. Mwalimu anaondoa mafumbo, anabakiza 6 × 4, wote wanapata, kila mtu anapiga makofi ya kupunga mikono hewani. Mtihani unakuja na mvuvi aliyeuza madebe 6 ya dagaa, akanunua mafuta ya injini, amebakiwa na shilingi ngapi, na mtoto anajumlisha kila namba anayoiona. Kuzidisha anajua, "amebakiwa" ndiyo hajawahi kufundishwa. Basi fumbo libaki, ila lichezwe: mmoja awe mvuvi, mwingine mchuuzi wa soko la samaki la Mwaloni, pesa za karatasi zipite mkono kwa mkono. Kipindi kizima kikiishia kwenye swali moja, sawa tu.

Insha sahihisha mara mbili. Akiandika "Mama soko kwenda samaki nunua", habari imefika, mpe alama zake. Lugha ya alama ina mpangilio wake, na ngeli ambazo wenzake walizisikia tangu mgongoni kwa mama yeye anakutana nazo kwenye karatasi. Kisha mrudishie aandike upya mpaka itoke "Mama alikwenda sokoni kununua samaki." Neno "ndio uwezo wake" lisitoke kinywani mwako.

Lililo gumu kuliko yote ni mikono yako mwenyewe. Ukijua alama za kula, kaa na nyamaza, masomo yako yatakuwa ya kula, kaa na nyamaza, na utadhani watoto ndio wenye akili fupi. Jifunze kwao wakati wa mapumziko, na zaidi kwa viziwi watu wazima. Ulizia wanachama wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, walio karibu nawe. Mwombe mmoja aje darasani angalau mara moja kwa wiki, asimulie hadithi, nawe ukae na watoto ujifunze. Mwalimu mkuu akisema fungu la kumlipa hakuna, anza na nauli yake ya daladala. Hiyo haiwezi kuishinda kamati ya shule.