Udongo, Rangi na Bao: Majibu kwa Walimu wa Tabora

Barua nyingi zilizotufikia kutoka shule za msingi za mkoa wetu zinauliza namna ya kufundisha sanaa na utamaduni kwa vitendo pale ambapo fungu la vifaa halipo. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kutumika wiki ijayo.

Vyungu vya wanafunzi wangu hupasuka kila tunapovichoma. Tunakosea wapi? (Mwalimu, Urambo)

Chungu hupasuka kwa sababu ya maji yaliyobaki ndani ya udongo, ambayo yakipata joto la ghafla hugeuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Kwa hiyo, Mwalimu, kosa hutendeka siku nyingi kabla ya moto kuwashwa. Udongo mtupu wa mfinyanzi hukauka nje huku ndani ukiwa bado mbichi. Uchanganyeni na mchanga laini, au na vigae vya chungu kikuukuu vilivyotwangwa na kuchekechwa, kiasi cha konzi moja kwa konzi nne za udongo, kisha wanafunzi waukande hadi viputo vya hewa viishe. Mtoto anaweza kuupima mwenyewe: afinyange kamba nene kama penseli na kuizungushia kidoleni, na ikichanika, udongo huo haufai au haujakandwa vya kutosha. Vyungu vikae kivulini, si juani, kwa wiki moja au mbili. Kabla ya kuchoma, kila mwanafunzi aweke chungu chake shavuni. Kikiwa na ubaridi, bado kina maji. Siku ya moto vipashwe kwanza kando ya moto mdogo, vikigeuzwageuzwa, ndipo vifunikwe kwa samadi kavu ya ng'ombe na majani makavu.

Hukuuliza, lakini nitasema: ikiwa kijijini kwenu yupo mama anayefinyanga vyungu, mwalikeni, na mumlipe kama anavyolipwa fundi wa madawati. Nimechoka kuona wataalamu wa asili wakishukuriwa kwa makofi tu.

Rangi za dukani ni ghali. Tufanyeje? (Mwalimu, Kaliua)

Udongo mwekundu, mkaa, manjano ya jikoni na vipande vya chaki vinatosha kuanzia. Vitu hivyo visagwe kila kimoja peke yake, vichekechwe kwa kipande cha kanga, kisha vichanganywe na uji mwepesi wa unga wa muhogo uliochemshwa, kwa kuwa unga usiopikwa haunati. Tengenezeni ya siku moja tu, maana uji huo huchacha upesi. Karatasi nazo si lazima: Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 na kuacha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake hadi leo, alichora juu ya vipande vya hadibodi.

Wilaya yetu ina nta nyingi ya nyuki. Je, Darasa la Tano wanaweza kutengeneza batiki? (Mwalimu, Sikonge)

Singeshauri, kwa darasa lililojaa. Nta huyeyuka ikipita kidogo nyuzi 60 za selsiasi, na ikiwekwa juu ya moto moja kwa moja inaweza kuwaka. Ni lazima sufuria yake ikae ndani ya sufuria nyingine yenye maji, chini ya uangalizi wa mtu mzima. Igeni badala yake njia ya Wayoruba wa Nigeria, ambao huzuia rangi kwa uji mzito wa muhogo: mwanafunzi huchora kwa uji huo juu ya kitambaa, huuacha ukauke kabisa, hupaka rangi ya baridi kwa brashi bila kuloweka, na kitambaa kikikauka huukwangua.

Mwalimu Mkuu anasema bao ni mchezo wa wazee wa vijiweni. Nimjibuje? (Mwalimu, Tabora Manispaa)

Mwonyeshe hesabu yake. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, yaani shimo lake kuu, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Mtoto anayethibitisha kwamba jumla ni 32 kwa kila upande ameshafanya zoezi la kujumlisha bila kulazimishwa. Kutengeneza ubao nako ni somo. Trei ya mayai ina nafasi 30, tano kwa sita, hivyo haitoshi: wanafunzi wagundue wenyewe kwamba trei moja inatoa nne kwa sita, na nyingine nne kwa mbili za kuungia. Mbegu za ukwaju hufaa sana kuwa kete. Baada ya hapo mzee wa kijiweni aje kufundisha kutakata, yaani kusambaza kete bila kula za mwenzako, na Mwalimu Mkuu akaribishwe kucheza naye.

Wazazi wanakataa ngoma za asili kwa sababu za dini. (Mwalimu, Nzega)

Wasikilizeni kwanza. Ngoma ya Waswezi hubeba imani juu ya mizimu, na mzazi anayesita ana hoja. Gobogobo ya Wasukuma, inayochezwa kwa majembe kusifu kilimo, ni ngoma ya kazi. Watoto watumie fimbo mahali pa majembe, na manyanga wayatengeneze kwa makopo na mbegu.

Alama nitoe vipi? (Mwalimu, Igunga)

Katika alama kumi, toa nne kwa maandalizi, tatu kwa utendaji na tatu kwa maelezo ya mdomo. Uzuri wa kazi usiupe alama ya peke yake: mwanafunzi ambaye mchoro wake umevuja rangi, lakini anaeleza alikochota udongo na jinsi alivyouchekecha, anastahili kumzidi yule aliyechorewa na kaka yake nyumbani.