Alama kwenye kalio, kiti kinachotelezesha, breki isiyoshika: maswali yenu ya viti vya magurudumu mwezi huu

SWALI: Kaka yangu aliumia uti wa mgongo na hana hisia kuanzia kiunoni kushuka chini. Kila nusu saa anajiinua kwa mikono kwenye kiti chake cha magurudumu, anahesabu hadi kumi, kisha anakaa tena. Hata hivyo juzi tumeona alama nyeusi kwenye kalio lake la kulia. Tumekosea wapi?

JIBU: Kabla ya kutafuta kosa, shughulikieni ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo macho pekee hayatoshi. Gusa alama hiyo kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa mahali hapohapo kwenye kalio la kushoto. Ikiwa pana joto zaidi, pamekuwa pagumu au panabonyea kama tope, nyama ya ndani imeshaanza kuumia. Asikalie hapo kabisa mpaka pafanane na upande wa pili. Alale kifudifudi au kwa ubavu wa kushoto. Msipakande, maana kukanda huchana mishipa midogo iliyokwisha kudhoofika. Msimkalishe pia kwenye mto wenye tundu katikati: ukingo wake hubana damu kuzunguka palepale mnapotaka papone. Ngozi ikichubuka, au alama isipofifia ndani ya siku moja, aonwe na mtaalamu wa afya.

Sasa kuhusu kujiinua. Kaka yako hajafanya uzembe. Tatizo ni kwamba kuhesabu hadi kumi hakutoshi. Watafiti waliopima oksijeni kwenye ngozi ya makalio ya watu walioumia uti wa mgongo walikuta kwamba inahitaji karibu dakika 2 bila uzito ili irudi hali yake ya kawaida. Hakuna mabega yanayoweza kuhimili kujiinua kwa muda huo mara nyingi kwa siku, na kwa mtu anayesukuma kiti chake mwenyewe, bega likiharibika huwa amepoteza mguu kwa mara ya pili. Ainame badala yake. Kwanza arudishe kiti nyuma kidogo ili magurudumu madogo yageukie mbele, kwa sababu yakibaki yameelekea nyuma kiti huweza kupinduka kifudifudi. Afunge breki, alaze kifua mapajani na abaki hivyo dakika 2. Siku za mwanzo mtu asimame mbele yake. Asipoweza kuinama hivyo, aegemeze viwiko mezani au alalie upande mmoja kisha mwingine, dakika 2 kila upande. Arudie kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Lililonishtua zaidi katika barua yako ni kwamba alama iko upande mmoja tu. Mara nyingi hiyo ina maana nyonga imelala upande. Angalieni kitambaa cha kiti: kikilegea kama machela, mwili hudidimia na kuinamia upande mmoja. Kipande cha ubao bapa chini ya mto hurekebisha hilo, ila kikiinua kikalio (sehemu ya kiti anayokalia), vikanyagio vya miguu navyo vipimwe upya. Angalieni pia kama huweka pochi au simu mfuko wa nyuma, na kama mshono mnene wa suruali hupita hapo.

Halafu mpime mto wenyewe kwa vidole. Mwombe ruhusa, ainame mbele, pitisha vidole vyako kati ya mwili na mto, kiganja juu, chini kabisa ya mfupa wa kukalia, kisha akae wima. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini kama milimita 5, mto ni salama. Visipocheza lakini vikatoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa hadi uvivute kwa nguvu, mto huo ni hatari, hata kama ni mpya. Fanya hivyo pande zote mbili. Sponji huchoka ndani huku juu ikionekana nzima, kwa hiyo rudieni kipimo hiki mara kwa mara.

SWALI: Binti yangu alipewa kiti cha msaada. Kila baada ya dakika chache anateleza mbele. Tumfunge mkanda?

JIBU: Mkanda hautaondoa sababu. Mara nyingi kikalio kinakuwa kirefu kuliko paja: ukingo wake hugusa nyuma ya goti, naye hulazimika kusogeza nyonga mbele ili apinde miguu. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 6. Hicho ndicho kina cha kikalio anachohitaji. Upana uwe sawa na nyonga zake. Kwa vikanyagio, pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, ukianzia juu ya mto akiwa ameukalia. Vikiwa juu mno, mapaja huning'inia hewani na uzito wote huangukia mifupa miwili ya makalio. Kama kiti hakirekebishiki, egemeo lenye sponji ngumu nyuma ya mgongo hupunguza kina. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulitaja hatua 8 za kumpatia mtu kiti, kuanzia rufaa na upimaji hadi matengenezo na ufuatiliaji. Aliyewakabidhi kiti bila kumpima binti aliruka hatua zilizo muhimu kuliko kiti chenyewe. Rudini mkadai apimwe.

SWALI: Breki hazishiki mteremkoni, ingawa nimekaza nati.

JIBU: Jaza upepo kwanza. Breki za kiti hushika kwa kuuma tairi, na tairi laini halitoi cha kuumwa. Ukikaza nati tairi likiwa laini, ukija kulijaza breki itasugua hata ikiwa wazi. Jaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ndipo usogeze breki mpaka iingie milimita chache kwenye mpira inapofungwa. Na breki hizi ni za kuegeshea. Ukiteremka, punguza mwendo kwa viganja kwenye ringi za kusukumia.